Amana ya Kazi kwa Wenzi wa Mbali

Katika miji yetu ya pwani sasa limezuka kundi la vijana, wanaume kwa wanawake, ambao hawaonekani kwenda kazini wala kurudi kutoka kazini. Asubuhi wenzao wakikimbilia matatu na feri, wao huketi chumbani mbele ya kompyuta. Na usiku, watu wakiisha kulala, huenda taa yao ikawa ingali yawaka. Jirani huwauliza wazazi, "Huyu kijana wenu hajapata kazi bado?" Na mzazi, kwa kuwa hajui la kujibu, husema, "Twamuombea." Na hali kijana yule ni mtumishi wa kampuni, ana mkuu wake, ana wenzi wake, na ana mshahara wake wa kila mwezi, ila mkuu yuko nchi moja, wenzi wako nchi nyingine, na yeye yuko Mombasa, au Zanzibar, au Dar es Salaam.

Mimi ni mmoja katika watu hao. Naitumikia kampuni moja ya kutengeneza programu za kompyuta, ambayo jina lake sitalitaja, kwani makusudio yangu si kuisifu wala kuilaumu. Katika kundi letu tu watu watano: mimi niliye Mombasa, ndugu mmoja wa Lahore katika Pakistan, kijana mmoja wa Manila, bwana mmoja wa São Paulo katika Brazil, na bibi mmoja wa Kraków katika Poland, ambaye ndiye mkuu wetu. Tumekutana uso kwa uso mara moja tu. Siku nyingine zote twajuana kwa maandishi, na kwa sauti, na kwa picha ndogo iliyo katika kioo. Dini zetu si moja, wala lugha zetu si moja, wala jua halituchomozei wakati mmoja. Lakini kazi yetu ni moja, na akikosea mmoja wetu, khasara ni ya sote.

Nataka kueleza hapa ni tabia zipi zinazowawezesha watu kama hawa kufanya kazi pamoja, na zipi ziwavunjazo. Nadhani khabari hii yawahusu wazazi kama iwahusuvyo vijana, kwani tabia hizo hazifundishwi na kampuni. Kampuni humkuta mtu tayari anazo, ama hanazo.

Kwanza tusidhani ya kuwa kumuamini mtu usiyemuona ni jambo lililozuliwa na intaneti. Sisi watu wa pwani tumeishi kwa imani ya namna hiyo karne nyingi. Ibn Battuta, aliyepita katika pwani hii mwaka 1331, ameeleza alivyoona Mogadishu: kila mfanyabiashara aliyeshuka katika chombo alifikia kwa mwenyeji wake, na mwenyeji huyo ndiye aliyemuuzia na kumnunulia, na biashara iliyofanywa na mgeni bila ya mwenyeji wake kuhudhuria haikuhesabiwa kuwa ni biashara. Na baadaye wazee wetu wa Lamu na Mombasa na Unguja walipeleka mali Maskat na Bombay kwa pepo za kusi, wakangojea mpaka kaskazi kupata jawabu. Miezi mizima mali ya mtu ilikuwa mikononi mwa wakala asiyeonekana. Kilichomlinda mwenye mali si bunduki wala kufuli. Kilichomlinda ni jina la yule wakala, na barua yake, na hisabu yake iliyoandikwa sawasawa. Leo jawabu hufika kabla hujapepesa jicho, lakini lile jambo la asili halikubadilika. Mtu hana budi kuaminiwa asipoonekana.

Na hapa pana mtihani wake. Katika ofisi ya kawaida mtu aweza kujificha nyuma ya kuonekana. Hufika mapema, huvaa vizuri, hutembea na karatasi mkononi, na watu humhesabu kuwa ni mfanyakazi hodari, hali hakufanya lolote tangu asubuhi. Katika kazi ya mbali kuonekana huko hakupo. Hubaki vitu viwili tu: kazi yenyewe, na neno la mtu.

Natazama hilo la neno, kwani ndilo liletalo taabu nyingi. Kila watu wana adabu yao ya kusema. Mkuu wetu wa Poland akiona kosa huandika, "Hili si sawa," bila ya salamu wala kiini-macho, na kwao huo si ukali, bali ni kumheshimu mtu kwa kumwambia kweli. Kijana wa Manila amelelewa kwamba kumwambia mkubwa "siwezi" ni utovu wa heshima, kwa hivyo hujibu "ndiyo" hata penye "la." Nasi wa pwani tuna yetu. Hatuanzi neno mpaka tuulizane hali ya nyumba nzima. Tena tuna neno "inshaallah," ambalo ni neno tukufu la kuazimia jambo na kulitegemeza kwa Mwenyezi Mungu, lakini baadhi yetu tumeligeuza likawa ni njia ya kukataa kwa upole. Mtu akiambiwa, "Utakuja kesho?" naye hana nia ya kuja, husema, "Inshaallah." Yule ndugu wa Lahore na mimi tulicheka tulipogundua ya kuwa ugonjwa huu uko kwao kama ulivyo kwetu.

Basi tulikubaliana sote jambo moja. Kila aahidiye kazi na aseme siku gani na saa ngapi, na akiona haitawezekana, aseme kabla ya saa hiyo, si baada yake. Na saa zenyewe tuliziandika kwa hisabu ya Greenwich, kwa maana mimi nikisema saa tatu asubuhi kwa hisabu yetu ya Kiswahili, wenzangu hufahamu saa tatu ya alfajiri, watu wangali wamelala. Kijana wa Manila ilimchukua miezi kujifunza kusema "siwezi," na mkuu wetu akajifunza kutanguliza salamu na kumuuliza kwa faragha. Hapana aliyeacha adabu ya kwao. Kila mmoja aliisogeza kidogo tu, ili mwenziwe apate pa kukaa.

Jambo la pili ni kuandika. Kazi iliyo kichwani mwa mtu mmoja ni kazi iliyofungiwa sandukuni, na ufunguo amelala nao. Katika kundi letu kila atendalo mtu huliandika: amefikia wapi, kwa nini amechagua njia hii na kuiacha ile, na ni lipi limebaki. Wengi huona uzito, husema ni kupoteza wakati. Nami nataja siku moja tu iwe ni ushahidi. Tarehe 12 Mei, 2024, nyaya mbili zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika katika upande wa Afrika ya Kusini. Nyaya za namna hii ndizo zilizotuletea intaneti ya haraka katika pwani yetu tangu mwaka 2009, na tangu Februari ya mwaka ule ule wa 2024 nyingine zilikuwa zimekwisha kukatika katika Bahari ya Shamu. Intaneti ikadhoofika katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki. Asubuhi ya Jumatatu sikuweza kufungua hata ukurasa mmoja, na mteja wetu alikuwa akingojea kazi jioni ile. Nilimpelekea mkuu wetu ujumbe mfupi wa simu, maneno matano au sita. Ndugu wa Lahore akafungua daftari langu la kazi, akasoma nilipofikia, akaimaliza. Hakuniuliza neno, wala asingeweza kuniuliza. Lau kazi ile ingalikuwa kichwani mwangu, uhodari wangu wote usingalimfaa mtu yeyote siku hiyo.

La tatu ni kusema kweli likitokea la aibu. Hapa nataja khabari iliyo maarufu, ya kampuni iitwayo GitLab. Kampuni hii asili yake ni programu iliyoanzwa mwaka 2011 na Dmitriy Zaporozhets, mtu wa Ukraine, kisha akaungana naye Sid Sijbrandij, mtu wa Uholanzi. Haikujenga makao makuu ya kukusanyia watu wake. Watumishi wake wameenea katika nchi nyingi, na sheria zake za kazi imeziandika katika kitabu cha mwongozo, ambacho sehemu yake kubwa mtu yeyote aweza kukisoma. Usiku wa tarehe 31 Januari, 2017, mtumishi mmoja aliyekuwa akitengeneza hitilafu, amechoka na saa zimekwenda, alifuta khabari katika mtambo siyo. Alidhani yuko katika mtambo wa akiba, kumbe yuko katika ule mkuu. Alipozuia, katika gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki kama 4.5. Wakakimbilia nakala za akiba. Wakazitazama njia zao zote walizoziwekea tegemeo, moja baada ya moja, wakakuta hii haifanyi kazi, na ile haikupata kuwekwa sawa. Hata barua za kuonya kwamba nakala hazifanyiki zilikuwa zikikataliwa na mtambo wa barua, wala hapana aliyejua. Kilichowaokoa ni nakala moja ambayo mfanyakazi wao aliitoa kwa mkono, kwa shughuli nyingine kabisa, saa sita hivi kabla ya msiba. Khabari za saa zile sita zikapotea, pamoja na miradi ya watu ipatayo 5,000 na akaunti 700 hivi.

Sasa tazameni walivyofanya. Hawakuficha. Waliiandika khabari yote hadharani huku kazi ya kuokoa ingali inaendelea, wakaionyesha kazi hiyo katika YouTube, ulimwengu wote ukitazama. Wala katika maelezo yao hawakumtaja kwa jina yule aliyefuta. Walisema ya kuwa kosa la mkono mmoja limedhihirisha kasoro ya nyumba nzima: kwa nini hapana aliyezijaribu nakala zile, na kwa nini hapakuwa na mtu wa kuzisimamia. Mtu akiadhibiwa kwa kusema kweli, basi wote waliobaki wamefundishwa kusema uwongo. Ni hivyo katika kampuni, na ni hivyo katika nyumba. Mtoto aliyevunja gudulia akapigwa kabla hajamaliza kueleza, la pili atalificha uvunguni.

La nne, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, ni kuwa tabia njema haijulikani mpaka imgharimu mwenyewe kitu. Kampuni za zama hizi hupenda sana kuandika maneno mazuri ukutani: umoja, heshima, kujaliana. Kuandika hakuna gharama. Katika Ramadhani ya mwaka 2024 kikao chetu cha kila siku kilikuwa saa kumi alasiri kwa saa za Mombasa. Kwangu hapakuwa na uzito, kwani bado nina zaidi ya saa mbili mpaka magharibi. Lakini saa kumi ya Mombasa ni saa kumi na mbili jioni ya Lahore, na jua lao katika mwezi wa Machi hutua dakika chache baadaye. Yule ndugu alikuwa akifuturu kwa tende moja na maji, uso ameugeuza pembeni, kisha akaendelea kusikiliza, na familia yake imeketi chumba cha pili ikila peke yake. Hakusema neno. Siku ya tatu bwana wa São Paulo, ambaye si Mwislamu, ndiye aliyeuliza, "Ndugu yetu, huko kwenu sasa ni wakati gani?" Alipoelezwa, alisema kikao na kisogezwe nyuma saa mbili. Maana yake kwake ni kuwa badala ya saa nne asubuhi tukutane saa mbili, ambayo ndiyo saa aliyokuwa akimpeleka mwanawe skuli. Alikwenda akapanga na mkewe, na kikao kikasogezwa mpaka mwezi ukamalizika. Hakuna aliyeandika jambo hili ukutani. Na Disemba ilipofika, ndugu wa Lahore na mimi tulichukua zamu zote za wiki ya Krismasi, ili wale watatu wapate kukaa na watu wao. Hatukuombwa.

Wala sisemi ya kuwa kazi hii yote ni asali. Kampuni nyingi humlipa mtu kwa kutazama mji anaoishi, si kwa kazi aitendayo. Kwa hivyo watu wawili walioshika jembe moja hupata ujira mbalimbali. Wenye kampuni wana hoja zao, kwamba maisha ya mji huu ni rahisi na ya mji ule ni ghali. Lakini kompyuta niinunuayo mimi hainiuzii rahisi kwa kuwa niko Mombasa. Hilo nimelisema kwa mkuu wangu waziwazi, kwa adabu, tena kwa maandishi. Na naona ni haki ya kila mmoja kulisema.

Nalitaja kwa sababu hilo ndilo lililotajwa na kijana mmoja wa ukoo wetu aliponijia kutaka shauri. Alikuwa ameajiriwa na kampuni mbili kwa wakati mmoja, kila moja ikidhani ya kuwa yeye ni wake peke yake mchana kutwa. Akasema, "Ami, kazi zao zote naziisha. Wao wanilipa nusu ya wamlipavyo Mzungu, basi nami nachukua nusu mbili. Na wewe wajua ya kuwa mimi ndiye nimlipiaye dada yangu ada ya chuo."

Maneno yake hayakuwa ya kipuuzi, wala sikumjibu kwa kumkemea. Nilimuuliza kwanza, "Mkataba wako wasemaje?" Kwani ziko kampuni zisizozuia kazi ya pili, na mtu akiisema wazi akaruhusiwa, hana lawama. Akasema mikataba yote miwili yakataza, naye ameitia sahihi. Nikamuuliza tena, "Vikao vikigongana, wafanyaje?" Akasema, "Husema mtandao umekatika." Nikamuuliza, "Na ile kazi inayokungojea wakati huo, hufanywa na nani?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema yuko msichana mmoja wa Nairobi katika kundi lake, yeye ndiye humshikia.

Nikamwambia, "Mwanangu, wewe wadhani ya kuwa nusu ya pili waichukua kwa tajiri. Tajiri hajui hata jina lako. Waichukua kwa yule msichana, ambaye hukesha akifanya fungu lako na yeye hulipwa kama ulipwavyo wewe. Na siku mtandao ukikatika kwa kweli, kama ulivyotukatikia sote, nani atakuamini? Tena hatakaeaminiwa si wewe peke yako. Atakuja kijana mwingine wa mji huu kuomba kazi, waseme, tuliwahi kuwa na mmoja wa huko."

Aliondoka hakunijibu. Baada ya majuma mawili nilipata khabari ya kuwa ameacha kazi moja. Pato la nyumba yao likapungua, na baba yake hakufurahi, wala hafurahi mpaka leo. Na ada ya yule binti sasa twaichangia watu wanne wa ukoo kwa zamu. Naeleza haya kama yalivyo, kwani twapenda kuwaambia vijana ya kuwa uaminifu huleta neema papo kwa papo. Pengine huleta. Pengine huanza kwa kupunguza sahani, na mtu yampasa ajue hivyo kabla ya kuchagua, na watu wake wamsaidie kuubeba uchaguzi wake.

Kwa hivyo namaliza kwa wazazi. Mwanao akiwa na kazi ya namna hii, mfahamu ya kuwa yuko kazini. Mpe mlango wa kufunga. Usimtume sokoni katikati ya kikao kwa kuwa wamuona ameketi. Naye akitoka kikaoni, asijifanye mgeni katika nyumba, amshike mama yake mzigo. Akiwa ni binti, kazi yake ihesabiwe kazi kama ya nduguye mwanamume, wasimrundikie chungu na kompyuta kwa pamoja. Na muulizeni, si mshahara tu, bali na khabari za wenziwe: ni nani hao, wana watoto wangapi, huko kwao sasa ni usiku au mchana. Mtu akiulizwa khabari za wenziwe hukumbuka ya kuwa wako. Nami leo jioni nina zamu ya kumpokea yule kijana wa Manila, ambaye mkewe amejifungua juzi. Na daftari lake nimelisoma, limeandikwa vizuri.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kutuwafikisha.